Komeo Alijiangusha

Jumatatu, 6 Mei
Kinyozini

Shemeji Komeo,

Salamu nitaziweka mwisho wa barua, kama zitakuwa zimebaki. Simu yako nimeipiga tangu jana mpaka kidole kinataka kuota sugu. Ya dada nayo hivyo hivyo, haipatikani. Basi nimekumbuka kwamba posta bado ipo.

Umemsikia Nahodha? Usiniambie hukumsikia, maana hata viziwi wamemsikia. Jana jioni, redioni, kipindi kizima kapewa yeye. Nilikuwa na wateja wanne dukani, mmoja yuko kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Mtangazaji akamuuliza, ilikuwaje kikosi kile cha taifa cha miaka ile, kilichosifiwa vile, kikashindwa kufuzu? Nahodha akacheka kile kicheko chake cha puani. Akaanza kugawa. Kipa alikuwa mlevi. Namba tisa alikuwa akikimbia pale tu anapoona kamera. Sisi tunacheka, tunasema mzee leo kaamka vibaya. Halafu akashusha sauti.

"Hao niliwasamehe zamani," akasema. "Ambaye sitamsamehe mpaka naingia kaburini ni Komeo. Tunaongoza bao moja, dakika ya hamsini, akajitupa chini akashika paja. Mguu ulikuwa mzima! Walipomtoa nje kwa machela nilimwona kwa macho yangu mawili anateremka, anakimbia kwenda kupanda teksi. Alimwogopa yule winga wao. Mabao mawili yote yalipita upande wake."

Teksi, shemeji! Mashine inanguruma mkononi mwangu. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kunywa chai bila kukutaja, akatoka nje akatema mate. Muuza matairi akakutetea: "Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha! Mbona penalti aliyoipaisha yeye juu ya paa haisemi?" Wakashikana mashati. Yule wa nusu kichwa akasimama na kitambaa shingoni, anapiga kelele kwamba miaka kumi na tisa ametembea kifua mbele kwa ajili ya mtu aliyekimbia vita. Kaondoka hivyo hivyo, na kichwa chake cha pande mbili.

Mimi nilikutetea. Nikawaambia, huyo kamuoa dada yangu, mguu wake niliuona na bandeji yake. Bandeji yenyewe sikuiona, lakini ilibidi niseme kitu. Unanijua, mimi nilijua siku zote kwamba uliumia, wakakupeleka hospitali kutibiwa paja, na humo humo ndimo ulimokuta habari za dada.

Sasa sikiliza. Jumapili tawi letu la mashabiki lina mkutano, na mwenyekiti ni mimi. Wanataka kufuta jina lako kwenye ukuta wa kiwanja cha mtaa. Herufi zile ndefu, UWANJA WA KOMEO, ambazo tulichangishana rangi, wanataka zipakwe chokaa. Nipe neno moja tu: mguu uliumia. Andika, tia sahihi, nitawasomea, na fundi viatu nitamlambisha yale mate yake.

Salamu zimebaki chache, mpe dada.

Shemeji yako,
Kinyozi


Alhamisi, 9 Mei

Shemeji,

Barua yako nimeipata. Simu tumezizima kwa sababu watu nisiowajua walikuwa wananitukana mimi na mama yangu, ambaye ni marehemu.

Mguu haukuumia. Nahodha amesema kweli. Nilijiangusha, na teksi nilipanda mwenyewe.

Sikumwogopa winga. Yule kijana alikuwa na mguu mmoja tu, wa kulia, na kipindi cha kwanza chote alikuwa ananikwepa macho kama mdaiwa. Sababu ilikuwa nyingine. Nahodha anaijua, alikuwepo nilipoisema, mita mbili kutoka kwangu. Kama ameamua kuimeza, basi na mimi sitaitapika redioni. Si yangu peke yangu.

Hapa kazini si pazuri. Unakumbuka gari la shule yetu ya udereva, lile lenye picha yangu mlangoni na maneno JIFUNZE NA KOMEO. Jumanne mtu alichukua msumari akanikwaruza macho. Wanafunzi saba wameomba mwalimu mwingine. Mmoja, msichana mpole ambaye hata gia ya kwanza bado inamsumbua, aliniuliza kama ni kweli mimi ni mwoga. Nilimwambia atazame kioo, anageuka kulia. Mwenye shule amenipa mpaka mwisho wa mwezi: nijisafishe jina au niondoke na mlango wangu.

Waache wafute ukuta. Usibishane nao.

Barua hii ni yako peke yako. Usimwandikie dada yako juu ya jambo hili. Ana yake ya siku ile, na sitaki yaguswe.

Komeo


Alhamisi, 16 Mei

Komeo,

Neno shemeji nimelikunja nikaliweka mfukoni. Siku ukilistahili nitalitoa.

Kumbe! Kumbe nilikuwa natetea gunia tupu! "Mguu haukuumia." Umeiandika hivyo, bila hata haya, kama mtu anayesema leo hakuna mvua. Halafu unaniambia kuna sababu, lakini ni siri. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, bwana. Sababu gani inayomlaza beki chini, nchi nzima inamtazama, zimebaki dakika arobaini tukafuzu? Ungekuwa umekatika mguu tungekuelewa. Ungekuwa umekufa tungekuzika kwa heshima!

Unajua mimi siku ile nilifanya nini? Nilifunga duka tangu saa tano, Jumamosi, siku ambayo vichwa vinapanga foleni mpaka barabarani. Simu inaita ndani, nimeiacha inaita. Nikapiga ngoma ile mpaka viganja vikatoa malengelenge. Sauti iliniisha siku nne. Kuna mambo niliyaacha kwa ajili ya mechi ile ambayo wewe huyajui, na wewe ukapanda teksi.

Sasa nikupe habari. Mkutano wa Jumapili ulikuwa na watu wasiopungua mia. Ngazi niliishika mimi, na chokaa niliipaka mimi mwenyewe. Herufi O ya mwisho ilikataa kufutika, nikairudia mara tatu huku watu wanapiga makofi.

Halafu jana redio wakafungua simu kwa wasikilizaji. Nikapiga, wakaniunganisha. Nikasema, mimi ni ndugu wa mke wake, na ninayo barua yake ya mkono. Nikaisoma. "Mguu haukuumia. Nahodha amesema kweli. Nilijiangusha." Nchi ilikuwa na haki ya kujua, na imejua kutoka kinywani mwako.

Usiniulize kwa nini. Waulize waliolia siku ile.

Kinyozi, mwenyekiti wa tawi


Jumatano, 22 Mei
Juu ya meza ya kupigia pasi

Wewe mdogo wangu,

Nimesimama kazini, mashuka ya hoteli yamerundikana mbele yangu, na pasi nimeizima kwa sababu naogopa nitachoma kitu. Jumatano iliyopita redio ya dobi mwenzangu ilikuwa wazi. Nimesikia sauti yako. Nimeisikia inasoma barua ya mume wangu, aliyokuambia ni yako peke yako, na wewe unaisoma kwa mbwembwe kama mnadi nguo kuukuu. Una kichaa? Mama yetu alikuzaa au alikuokota?

Ulitaka sababu? Nitakupa, kisha uone utailaza wapi.

Siku ya mechi ile mimi nilikuwa hospitali. Hilo unalijua. Nilikwenda usiku wa kuamkia mechi kwa miguu, begi mkononi, kwa sababu mume yuko kambini na wewe uko kwenye ngoma zako. Asubuhi daktari akasema mtoto amekaa vibaya, nipasuliwe kabla ya saa sita. Karatasi ilitaka sahihi ya mume. Siku zile ndivyo ilivyokuwa, mimi mwenye tumbo sahihi yangu haikutosha. Saa nne nesi akapiga simu kwako dukani, kwa sababu namba yako ndiyo tuliyoiandika kwenye kadi. Akarudi akaniambia, "Nimeongea na ndugu yako. Mumeo kaambiwa, yuko njiani."

Nikasubiri. Saa sita ikapita. Saa nane ikapita. Nesi tangu saa tano alikuwa akipiga tena dukani, simu inaita tu. Mwisho akatafuta namba ya uwanjani, bawabu akaandika kikaratasi, kikamfikia mtunza jezi wakati wa mapumziko. Mume wangu akamwambia kocha, mke wangu anakufa, niruhusu. Kocha akamtazama Nahodha. Nahodha akasema, "Mke wa nani hajawahi kuzaa? Kaza viatu, twende." Kwa hiyo akakaza viatu, akatoka, akacheza dakika tano, akajiangusha. Angefanya nini kingine? Alifika saa kumi na nusu na matope magotini, akatia sahihi. Walinipasua. Mtoto hakukaa, na kizazi wakakitoa. Hiyo ndiyo teksi yako. Mpigie tena makofi Nahodha.

Lakini hasira yangu ina vichwa viwili, na kichwa cha pili ni cha mume wangu. Kwa nini alingoja mpaka mapumziko? Alikuwa ameambiwa tangu saa nne! Miaka kumi na tisa nimelala pembeni ya swali hilo. Sikumuuliza. Nilijiambia la kuvunda halina ubani, mtu alichagua mpira kwanza na mke baadaye, angalau alikuja. Nimempikia, nimemfulia, na moyo wangu haukuwahi kumgeukia sawasawa. Sasa Nahodha na wewe mmelifukua. Alhamisi usiku nikamuuliza. Akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni. Akasema, "Asubuhi hakuna aliyeniambia kitu." Nikamwita mwongo. Nilimwita mwongo mara nyingi sana, na mengine siwezi kuyaandika. Tangu siku hiyo analala kwenye kiti ofisini kwao, na mimi nimeteremsha sanduku juu ya kabati.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeshika simu. Ulimwambia nani? Ulimpata yeye mwenyewe au mtu mwingine? Jibu lako ndilo litaniambia kama mwanamume niliyekaa naye miaka yote hii ni mwongo au si mwongo. Nikijua ni mwongo, naondoka.

Halafu rudi redioni ukaseme ulichosikia humu.

Dada yako


Jumatatu, 27 Mei

Dada mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imenikalisha chini. Sikujua, haki ya Mungu sikujua kwamba Nahodha alisema maneno yale. Picha yake iliyokuwa juu ya kioo changu nimeichana vipande, na fremu nimempa fundi viatu akaifanye kuni. Watu wameniuliza kulikoni, nikawaambia ngojeni. Mtu mwenye moyo kama ule tulimbeba mabegani! Dada, hasira nilizonazo juu yake, nikikutana naye barabarani nitamnyoa bila maji.

Tawi limechafuka. Nimeanza kuwadokezea, na wengine sasa wanataka kwenda kupiga mawe geti lake. Nimewaambia subirini.

Kuhusu ile simu, ni zamani sana, dada. Laini ilikuwa mbovu, unakumbuka simu za enzi zile zilivyokuwa zinakoroma. Nilipiga hotelini kwao, akapokea bwana mmoja wa mapokezi. Nikamwachia ujumbe. Kama bwana yule alimfikishia Komeo au aliupuuza, mimi nitajuaje? Huenda alisahau. Huenda aliogopa kumvuruga mchezaji. Usimhukumu mumeo kwa jambo la mtu wa mapokezi, wala usivunje nyumba yako. Rudisha sanduku juu ya kabati.

Mwambie Komeo neno shemeji nimelitoa mfukoni.

Mdogo wako


Jumamosi, 1 Juni

Shemeji,

Dada yako alinifuata ofisini, akaitupa barua yako juu ya vitabu vya alama za barabarani. Akasema, "Haya, ndugu yangu anakutetea." Akaondoka. Nimeisoma mara moja, imetosha.

Hatukukaa hotelini. Chama hakikuwa na uwezo huo. Tulilala kwenye mabweni ya chuo cha ualimu, vitanda vya ghorofa, mimi juu na kipa chini. Mapokezi hayakuwepo, kwa hiyo na bwana wa mapokezi hakuwepo. Simu ilikuwa moja, kwenye stoo ya mtunza jezi. Namba yake nilikuandikia kwa mkono wangu kwenye kipande cha boksi la nyembe, ukakibandika mbele yangu pembeni ya kioo. Nilikuambia, likitokea lolote, saa yoyote.

Mtunza jezi nimempata kwa simu jana. Siku hizi anauza mbegu za mboga. Anakumbuka asubuhi ile vizuri, kwa sababu alikuwa anangoja kuletewa soksi, na soksi hazikuja. Alikaa na simu ile tangu alfajiri mpaka basi lilipotuchukua saa saba. Haikulia hata mara moja.

Nimefundisha watu udereva miaka kumi na mitano. Anayegonga gari kwa bahati mbaya husimama. Anayeanza kuzungumza habari za breki na mvua kabla hujamuuliza, huyo alijua anachofanya.

Sitamwambia dada yako. Nikimwambia mimi, nitaonekana nimetunga ili nirudi kitandani. Utamwambia wewe, kwa mkono wako. Hasira niliyonayo siwezi kuiandika, kalamu itatoboa karatasi. Nilikushukuru, unajua? Siku ya mazishi nilikushika mkono nikakushukuru kwa kupokea simu ya nesi, nikidhani kikaratasi kile cha uwanjani ulikituma wewe.

Kazi yangu imekwisha jana, na mlango wameshaufungua bawaba. Hilo halinisumbui. Mke wangu ananiona mwongo, hilo ndilo linalonisumbua. Una wiki moja.

Komeo


Jumatatu, 10 Juni

Dada,

Shikamoo. Kama huwezi kuiitikia usiiitikie.

Sikupiga simu.

Nimeandika mstari huo, nikaenda kufagia duka zima, nikarudi. Sikupiga, dada. Hakukuwa na hoteli, hakukuwa na bwana. Nesi alipiga saa nne na dakika kidogo, nilikuwa namnyoa mtu ndevu. Aliniambia kila kitu. Aliniambia upasuaji, akaniambia na karatasi ya sahihi. Namba ya kambini ilikuwa pembeni ya kioo, naiona. Nikajiambia, nikimpigia Komeo sasa hivi atatoka, na bila Komeo upande wa kushoto tumekwisha. Nikajiambia kuzaa ni mambo ya wanawake na madaktari, mwanamume atakwenda kufanya nini pale zaidi ya kukaa kwenye benchi. Nikajiambia mechi saa tisa, inakwisha saa kumi na moja, nitamwambia kipyenga kikilia tu. Nesi akauliza, "Umempata?" Nikasema, "Yuko njiani." Nilisema haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Halafu nikafunga duka, nikabeba ngoma.

Ningeweza kuja mimi. Tulizaliwa tumbo moja, labda sahihi yangu ingefaa. Sikuwaza hata hilo.

Utauliza nilikaaje na jambo hili. Nilikaa nalo vizuri, dada, na huo ndio uchafu wake. Nilijitungia kwamba aliumia mguu, kwamba angekuja hospitali hata hivyo, kwamba Mungu ndiye aliyepanga. Nahodha aliposema teksi, moyo wangu ulielewa papo hapo. Barua ya Komeo ilipokuja, nilijua kabisa sababu yake ni ipi. Ndiyo maana nilipiga kelele vile. Ndiyo maana nikashika ngazi mwenyewe. Mwizi ndiye anayepaza sauti kuliko wote, "Mwizi! Mwizi!"

Mumeo si mwongo. Hajawahi kuwa. Hakuambiwa.

Juzi nilikwenda redioni kwa miguu yangu, sikupiga simu. Nikasema yote, maneno ya Nahodha chumbani na yangu dukani. Wakampigia Nahodha hapo hapo. Akasema yeye aliambiwa mke anaumwa tu, hakuambiwa anakufa, na kwamba watu wa siku hizi wanapenda sana kulialia. Akakata.

Nikarudi dukani nikijua wateja watanichinja. Nilitaka wanichinje. Unajua walifanya nini, dada? Walinipongeza. Yule wa nusu kichwa alinishika mkono kwa mikono miwili. Akasema, "Mwenyekiti, wewe ndiye shabiki wa kweli. Ulijua mechi ni mechi." Fundi viatu akasema kosa ni la nesi, angenyamaza mpaka saa kumi na moja tungefuzu. Muuza matairi peke yake ndiye aliyetoka bila kuniaga. Nikawafukuza wote, nikawatupia brashi, kopo la poda, kila kilichokuwa mezani, na wao wanacheka wakidhani ni utani. Nimewatumikia watu hawa miaka ishirini. Kumbe mimi ni mmoja wao, na wao wameniona sawasawa.

Uenyekiti nimewaachia. Niambie nije lini. Nitakuja na kupiga magoti mlangoni, mvua au jua.

Mdogo wako


Jumapili, 16 Juni

Wewe,

Barua yako nilimpelekea Komeo ofisini, ambako mlinzi alikuwa bado anamruhusu kulala, nikamkuta anafungasha vitabu vyake. Niliisoma kwa sauti, nimesimama. Nilipofika kwenye "yuko njiani" akaichukua mkononi mwangu akamalizia yeye. Kisha nikamwomba msamaha kwa miaka kumi na tisa, na sikujua nianzie mwaka upi. Alisema twende nyumbani. Sanduku alilipandisha mwenyewe.

Mwenye shule amekusikia redioni, amekuja na maneno matamu, anataka mlango upakwe rangi upya na picha irudi na macho yake. Komeo amesema atarudi kufundisha, picha hapana.

Wewe usije. Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta kitu kimoja. Umemtaja nesi, umemtaja mtu wa ndevu, umenitajia wateja wako mmoja mmoja. Upande wa kushoto umeukumbuka, na saa ya mechi. Siku ya pili yake ulikuja wodini na machungwa, ukakaa kwenye kiti, nina nyuzi tumboni, ukanisimulia kwa sauti iliyokauka mabao mawili yalivyoingia. Siku ya mazishi ulisimama nyuma ukiongea na watu wa tawi lako. Miaka yote hii, na hata sasa unapokiri, hujawahi kuuliza tulimzika nani.

Alikuwa wa kike. Alipumua mpaka baba yake akampokea, na baba yake alikuwa bado kavaa jezi.

Tulimpa jina. Wewe hulijui, na mimi sikutajii.

Mke wa Komeo